Kistari kwenye Kadi ya Zaina

Saa moja na nusu asubuhi niliripoti kazini Gisenyi, na ilipofika saa moja na dakika arobaini nilikuwa nimeshavunja kipimajoto. Kilikuwa kimoja tu kituo kizima. Kilikaa ndani ya bilauri ya spiriti kwenye ukingo wa dirisha, nami nilifungua dirisha kwa sababu chumba kilinuka spiriti. Mkunga mkuu, Mama Perpetua, aliitazama zebaki ikigawanyika na kujificha chini ya vitanda, kisha akaniuliza kwa upole kama kule Tanzania nilikosomea uuguzi walitufundisha pia kufunga madirisha. Kwa wiki tatu zilizofuata tulipima homa kwa mgongo wa mkono wake. Kipimajoto kipya kilipokuja tulikilinganisha na mkono huo. Mkono ulikosea mara moja, na mara hiyo moja yeye alikilaumu kipimajoto.

Mmeniomba, ninyi mnaobaki, niwaandikie kitu kabla sijasahau. Vyeo nitaviacha, kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua: ni huohuo wenu, ila wangu ulianza kuchelewa zamani zaidi. Nitaandika habari za miaka yangu ya mwanzo, mwishoni mwa miaka ya tisini, na hasa habari za kadi moja niliyoijaza vibaya kwa mwandiko mzuri.

Wazazi wangu walikimbia Rwanda kabla sijazaliwa. Nilikulia Karagwe, nikasomea kazi hukohuko, na vita ilipokwisha nikarudi, kama tulivyokuwa tukisema, ingawa mtu hawezi kurudi mahali ambapo hajawahi kufika. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni kwa mama. Kifaransa sikuwa nacho hata cha kuombea maji. Kiswahili changu kiliwachekesha wagonjwa, ambao wengi walikuwa na ndugu Goma na walizungumza kama watu wa huko. Walisema naongea kama redio inayosoma taarifa ya habari. Wenzangu walinipa jina la Tanzania, na hadi nastaafu wapo watu Gisenyi ambao hawakuwahi kunijua kwa jina jingine.

Kituo kilikuwa cha binafsi, vitanda kumi na viwili, juu kidogo ya barabara iendayo Rubona. Msikitafute. Jengo lile sasa ni duka la magodoro, kwa hiyo watu bado wanaingia pale kutafuta usingizi. Tulikuwa na mizani ya kuning'iniza iliyonunuliwa kwa wavuvi, ambayo ilipima watoto kwa usahihi mkubwa mradi ukumbuke kupunguza gramu hamsini za ndoano. Tulikuwa na koni ya mti ya kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni, mfuko wa mpira wa kumpumulia mtoto aliyeacha kupumua, na vijikaratasi vya kupima sukari kwenye damu, ambavyo tulivikata kwa urefu ili kimoja kiwe viwili. Mtengenezaji alikuwa ameandika kwenye kopo kwamba visikatwe. Mama Perpetua alisema mtengenezaji hajafika Gisenyi.

Shule ilinipa cheti. Kazi nilifundishwa na mama huyo. Somo lake la kwanza lilikuwa dakika moja. Umvue mtoto nguo zote, uweke mikono yako nyuma, umtazame dakika nzima kwa saa kabla hujamgusa. Jaribuni, mtaona ilivyo ndefu. Kufikia sekunde ya ishirini kila mtu hutaka kushika kitu. Kuanzia ya arobaini ndipo huanza kuona: kidole gumba kinachojikunja, mdomo unaonyonya kitu kisichokuwepo, jicho linalogoma upande mmoja. Degedege ya mtoto mchanga si kama ya mtoto mkubwa. Haitikisi kitanda. Anaweza kutafuna hewa tu, au kukanyaga kwa miguu kama anaendesha baiskeli, na wageni wakasema amechangamka.

Somo lake la pili lilikuwa kistari. Kadi ya mjamzito ilikuwa na nafasi tatu zinazofuatana: mimba ya ngapi, watoto walio hai, watoto waliokufa. Siku yangu ya tano nilimuuliza mwanamke mmoja swali la tatu kama lilivyoandikwa. Alinitazama, akashuka kitandani, akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka. Hakurudi. Mama Perpetua alinivuta hadi chumba cha kufulia akanieleza kwamba katika nchi hii, miaka hii, swali lile haliulizwi na mtu aliyeshika kalamu.

"Watu wameulizwa vya kutosha, sha," alisema, kwa neno la Kinyarwanda la kumwita mtu kirafiki. "Wewe weka kistari."

Nikaweka kistari. Sote tuliweka. Haikuwa amri, ilikuwa adabu. Mwanamke alikuja na mimba ya nne, mtoto hai mmoja, halafu kistari. Hesabu haikukaa sawa kwenye nusu ya kadi zetu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini.

Wakati huohuo nilianza kujisomesha. Kule Rubona bandarini wanawake waliuza sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wakiwafunga kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Jumamosi moja nilifungua sambaza wangu nyumbani nikakuta mchoro wa ini la mtoto. Nikapanda minibasi nikarudi. Muuzaji alikuwa na kitabu kizima cha Kifaransa cha magonjwa ya watoto, au tuseme theluthi mbili za kitabu, maana theluthi moja ilikuwa imeshakwenda mjini na samaki. Alikubali kuniuzia kilichobaki kwa bei ya karatasi ya kufungia, kwa sharti kwamba ninunue na samaki. Nilikisoma kwa kamusi, kurasa mbili kila asubuhi kabla ya zamu. Ndivyo nilivyojifunza Kifaransa. Naweza kueleza ugonjwa wa figo kwa ufasaha, lakini kununua mkate bado kunanitoa jasho.

Daktari wetu alikuja Jumanne na Alhamisi. Aliitwa Kamanzi, kijana aliyekulia Uganda, mwenye kitabu kidogo cha Kiingereza kwenye mfuko wa koti ambacho alikigusa kila mara kama mtu anayehakikisha pochi yake haijaibiwa. Alikuwa daktari mzuri. Alijua asichokijua, na alikuwa na kitabu cha kukitafuta.

Zaina alikuwa mfanyabiashara. Alinunua nyanya kwa wakulima wa Kanzenze na kuzivusha mpaka kwenda Goma kila asubuhi, sanduku zima kichwani. Alikuja kwetu kliniki ya wajawazito akiwa ameacha biashara. Alisema anapumzika, na mimi nikaona ni jambo la busara. Kadi yake niliijaza mimi mwenyewe. Mimba ya tatu. Watoto walio hai, hakuna. Waliokufa, kistari. Katika mwezi wa saba aliniambia mtoto anagonga, tena anagonga mfululizo kama mtu aliye mlangoni mwenye haraka, halafu ananyamaza. Nikaandika: mtoto anacheza vizuri.

Alijifungua Jumatatu alasiri, msichana, kilo mbili na gramu mia tisa baada ya kupunguza ndoano. Alilia vizuri na kunyonya vizuri. Jumanne saa mbili na robo asubuhi nilimvua nguo, nikaweka mikono nyuma, nikaanza kuhesabu. Sekunde ya kumi na tano alianza kukanyaga baiskeli. Sekunde ya thelathini mdomo ulianza kutafuna. Niligusa mguu wake kuuzuia, kwa sababu mguu unaotetemeka kwa baridi au njaa husimama ukiushika. Huu uliendelea mkononi mwangu.

Tulifuata utaratibu, nao ninyi mnaujua. Nusu kijikaratasi kilionyesha sukari ya kutosha. Tulimpa maji ya sukari kwenye mshipa hata hivyo, kwa kuwa kijikaratasi kilichokatwa nusu unaweza kukiamini nusu. Tulimpa kalsiamu polepole, mmoja akisukuma sindano na mwingine akisikiliza moyo. Tulianza dawa za kuua bakteria, ampisilini na jentamaisini. Daktari Kamanzi alichukua maji ya uti wa mgongo, yakatoka safi kuliko ya bomba letu, jambo ambalo halikuwa gumu. Kisha tukampa fenobabitoni, dawa ya degedege, dozi ya kwanza na baadaye ya pili. Mtoto alilala. Kidole gumba hakikulala.

Jumatano alikuwa na degedege karibu kila baada ya nusu saa, na katikati yake alisahau kupumua. Kumpeleka Kigali kulimaanisha barabara ya Ruhengeri, ambapo wakati ule magari yalisubiriana yaende na askari, na hakuna aliyejua yatasubiri saa mbili au siku mbili. Saidi, mume wa Zaina, fundi cherehani mpole, alianza kuzunguka mjini kutafuta gari. Zaina alikaa na mtoto mapajani. Alikuwa na uso wa mtu anayeitazama njia aliyokwisha kuipita. Niliuona uso huo nikauandika kichwani kuwa ni uchovu.

Alhamisi asubuhi nilikaa kuandika barua ya rufaa ya Kigali. Kuweka kistari kwenye kadi yetu ni adabu, lakini kwenye barua iendayo hospitali nyingine kistari ni uvivu. Kwa hiyo nikafanya hesabu. Mimba tatu, kutoa huyu mmoja, zinabaki mbili. Watoto hai, hakuna. Kwa siku mbili nilikuwa nimepima dawa kwa sehemu za kumi za mililita, nikaandika kila dakika kwa rula, na sikuwa nimefanya hesabu ya kutoa ya darasa la kwanza.

Mama Perpetua aliona ninapotazama. Akasema, "Tanzania, acha."

Wawili wale huenda walikufa kwa sababu yoyote kati ya zile tulizozijua sote. Ndiyo maana tulikuwa tumeacha kuuliza: tulidhani jibu tunalo. Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza Zaina. Nikatoka nje, ambako mama mkwe wake, Bibi Mwamini, alikuwa anaosha bakuli. Bibi huyu alivuka kutoka Goma kila asubuhi na maharagwe, na sisi wa zamu tulikuwa tumezoea kuyasaidia kuisha.

Nilichuchumaa. Nilimwambia najua hii ni mimba ya tatu, na nikamwomba aniambie wale wawili walikufaje.

Aliendelea kusugua bakuli. "Walipiga kinga," akasema. Kinga ni baiskeli kwa watu wa Goma. "Kama huyu. Wa kwanza siku mbili. Wa pili siku ine. Wakachoka, wakaenda."

"Bibi, mbona hukutuambia?"

"Mi nilingojea muniulize. Siku tatu niko hapa na maharagi. Maharagi mulikula. Hamukuuliza."

Nilimuuliza jambo la pili, kwa sababu Zaina alimwita shangazi na mimi nilidhani ni heshima tu. Akasema si heshima, Zaina ni mtoto wa kaka yake. Kwa hiyo wazazi wa mtoto walikuwa mtu na binamu yake, na watoto watatu walikuwa wamepata degedege ileile mara tu baada ya kuzaliwa. Huo haukuwa ugonjwa ulioingia kutoka nje. Ulikuwa umo kwenye damu ya ukoo.

Nilikimbia kwenda kukitafuta kitabu changu cha samaki. Sura ya degedege za wachanga nilikuwa nimeisoma, lakini kama mtu anavyosoma habari za nchi asizotarajia kwenda. Mwishoni mwa sura kulikuwa na orodha ya magonjwa adimu ya kurithi, yale ambayo mwili wa mtoto unashindwa kukitumia kitu fulani cha chakula, na ubongo ndio unaolalamika kwanza. Moja lilikuwa hili: mtoto anayezaliwa akihitaji vitamini B6 nyingi kuliko maziwa yoyote yanavyoweza kumpa. Dawa za degedege hazimshiki. Wakati mwingine mama humsikia akigonga tangu tumboni. Ndugu zake huenda walikufa hivyohivyo. Mpe vitamini hiyo, kitabu kilisema, lakini uwe tayari, maana dozi ya kwanza inaweza kumlegeza hadi aache kupumua. Kisha: kiasi cha kutoa ni. Ukurasa ukaishia hapo. Uliofuata ulikuwa umekwenda na sambaza wa mtu mwingine.

Daktari Kamanzi alifika saa nne. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama wima kama askari anayetoa taarifa.

"Ssebo," akasema, kama Waganda wanavyosema bwana, "dawa mbili kali zimeshindwa, wewe unataka vitamini. Kesho utaniletea karoti."

Lakini mkono ulikuwa tayari mfukoni. Kwenye jedwali la mwisho la kitabu chake, kwa herufi ndogo, alikuta kiasi: miligramu mia moja. Hakukuwa na neno hata moja kuhusu kupumua. Kitabu chake kilikuwa na kiasi bila onyo, na changu kilikuwa na onyo bila kiasi. Alivitazama vyote viwili, akanusa changu, akasema tujaribu.

Vidonge vya B6 vilikuwemo jengoni. Vilikuwa kwenye kabati la kifua kikuu, kwa sababu dawa ya kifua kikuu huchoma miguu ya wagonjwa na B6 huizuia isichome. Ufunguo ulikuwa kwa Faustin, mtunza stoo, mtu mwaminifu kupita kiasi. Aliniuliza kama mtoto ana kifua kikuu. Nikasema hana. Akasema basi.

Mama Perpetua alikuwa bado amenikasirikia kwa kuuliza, lakini alikuwa amesikia jibu. Alikuja mwenyewe. Alimkumbusha Faustin kwamba amemzalisha mke wake mara tatu, na kwamba mwanamke akiwa kwenye uchungu husema mengi kuhusu mumewe, na kwamba yeye ana kumbukumbu nzuri na anaweza kuyarudia hapa mlangoni, kwa mpangilio, kuanzia mtoto wa kwanza. Faustin alifungua kabati. Alihesabu vidonge vinne vya miligramu ishirini na tano, akatutaka tutie saini kila kimoja.

Nilivisaga kati ya vijiko viwili, nikachanganya na maziwa ya Zaina, nikapitisha kwenye mpira wa kulishia puani saa saba kasoro dakika tano mchana. Mama Perpetua alishika mfuko wa kupumulia. Daktari alishika saa. Baada ya dakika thelathini na tano miguu iliacha kukanyaga. Kidole gumba kilifunguka. Kisha mtoto mzima akalegea kama nguo iliyoloa, na kifua kikasimama.

Zaina alisema neno moja tu, "Basi," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeambiwa minibasi imejaa.

Mama Perpetua alikuwa ameshaweka kinyago usoni mwa mtoto. Alibonyeza na kuachia, akihesabu kwa Kinyarwanda, bila haraka. Alipofika mia moja alianza tena moja. Daktari hakugusa mfuko wake wa koti hata mara moja. Mimi nilishikilia kichwa cha mtoto kisigeuke, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo ulimwenguni. Dakika ya tisa mtoto alivuta pumzi yake mwenyewe, akakunja uso kwa hasira, akavuta nyingine.

Saa tisa nilimvua nguo, nikaweka mikono nyuma, nikahesabu sekunde sitini. Hakufanya kitu. Nilihesabu sitini nyingine. Alilala kama mtoto wa mtu yeyote.

Daktari Kamanzi alisema, na alikuwa na haki ya kusema, kwamba huenda ni fenobabitoni iliyochelewa kufanya kazi. Njia ya kujua ilikuwa moja: kuiacha vitamini na kungoja. Hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kufanya jaribio hilo. Tulimpa vidonge viwili kila siku, tukapunguza fenobabitoni.

Jaribio lilifanywa na Faustin. Baada ya siku nane za vidonge viwili viwili alifunga kabati kwa ajili ya kuhesabu stoo, akabandika karatasi yenye muhuri, na safari hii hata historia nzima ya uchungu wa mkewe haikumtikisa, kwa sababu karatasi ilikuwa na muhuri. Maduka ya dawa ya mjini yalikuwa na sharubati za kuongeza hamu ya kula tu. Siku ya kwanza bila kidonge hapakuwa na kitu. Ya pili hivyohivyo, nami nikaanza kuamini fenobabitoni. Siku ya nne asubuhi, sekunde ya ishirini, mtoto alipanda baiskeli.

Sasa tulijua kwa hakika, na hatukuwa na kidonge hata kimoja. Nilikuwa nagombana na kufuli Bibi Mwamini alipofika na maharagwe yake. Akauliza tunatafuta nini. Nikamwonyesha pakiti tupu. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hii niko nayo kwangu," akasema. "Nameza ya miguu. Inauzwa pale karibu ya nyumba."

Alijifunga kitenge upya, akavuka mpaka, na kabla ya saa mbili kupita alikuwa amerudi na kopo lenye vidonge vyenyewe, B6 peke yake. Lilikuwa kwenye kabati lake la vyombo, katika nyumba ileile walimofia wale wawili. Sikumuuliza alianza kuvimeza lini. Nimefikiri sana juu ya maswali tangu siku ile, na hilo ndilo moja ninaloona hadi leo kwamba kistari kinalifaa.

Degedege iliondoka tena mchana uleule, na safari hii mtoto hakusahau kupumua. Daktari aliandika ugonjwa kwa jina lake refu, akapigia mstari mara mbili, akaniomba nimwazime kitabu. Nilimwambia akinunue kwa bei ya samaki.

Jioni ya siku ile Zaina alinisubiri mlangoni. Mume wake na shangazi yake walikuwa nyuma yake. Hakuuliza ugonjwa unaitwaje.

"Tanzania, donc si nyanya?"

Donc, "kwa hiyo" ya Kifaransa, niliielewa; nyanya sikuzielewa, akanieleza. Mimba ya kwanza alibeba masanduku hadi wiki ya mwisho. Ya pili alibeba hadi mwezi wa sita. Watu walimwambia mzigo wa kichwani ndio uliowatikisa watoto akili, naye aliamini, kwa hiyo hii ya tatu aliacha kazi kabisa, akala akiba yake, na bado mtoto akapiga baiskeli. Alikuwa ameshahesabu moyoni kwamba hata zile nyanya za zamani bado zinamdai.

"Si nyanya," nikasema. "Hata ungebeba Goma nzima kichwani, si nyanya."

Nikawaeleza kwa vidole: kila mzazi amebeba nusu ya kasoro bila kuugua, na mtoto akipokea nusu mbili ndipo anapougua. Sababu yake ya ndani haikujulikana wakati ule. Watu wa maabara waliipata baadaye. Saidi akasema kwa hiyo na yeye amo. Nikamwambia nusu nzima. Bibi Mwamini alifikiri kidogo, akasema basi inatoka kwake na kaka yake, na kwamba kaka yake hakuwahi kutoa kitu kizima maisha yake yote. Zaina alicheka. Alicheka hadi akakaa chini, halafu akalia, na shangazi yake akakaa naye palepale sakafuni. Aliniuliza kama dawa ile ingewafaa wale wawili. Nikamwambia ndiyo. Kusema uongo kungekuwa kuweka kistari kingine.

Kesho yake Mama Perpetua alichukua kadi ya Zaina, akakifuta kistari kwa wembe, akaandika mbili. Hakunipongeza. Alisema wembe umekwisha makali na niandike fomu ya kuomba mwingine mpya. Lakini tangu siku hiyo tulibadilisha namna ya kuuliza, na hili ndilo la kuwafaa ninyi. Kalamu inarudi mfukoni. Unakaa, usisimame juu ya mtu. Unauliza kama amewahi kubeba mtoto mwingine, halafu unangoja, na kungoja huko kupimeni kwa saa kama dakika ya mtoto. Wengi hawakuondoka. Wengi walikuwa wakingoja, kama Bibi Mwamini.

Mtoto aliitwa Mwamini. Alichelewa kuanza kusema, kisha hakunyamaza tena. Siku hizi anauza vitenge, anavuka mpaka kila asubuhi, na anameza kidonge chake kabla ya chai.

Mwezi uliofuata Faustin aliniletea fomu ya upotevu wa mali ya stoo: vidonge ishirini vilivyotolewa kwa asiyestahili, vikatwe kwenye mshahara wangu. Kwenye nafasi ya sababu ya upotevu hakujua aandike nini, akaweka kistari. Mama Perpetua aliisoma kabla yangu. Alitoa kalamu, akakikata, akaandika juu yake: Mwamini, msichana, kilo tatu na gramu mia tisa bila ndoano, ananyonya.

Nilitia saini. Nimeikuta fomu hiyo wiki hii nikipanga karatasi zangu, imebanwa pamoja na ile ya kipimajoto. Kipimajoto, faranga mia tisa. Vidonge ishirini kwa faranga sita kila kimoja, mia moja na ishirini. Jumla niliyokatwa kwa hasara katika utumishi wangu wote: faranga elfu moja na ishirini.